Mbwa wa Kumi na Mbili

"Miaka kumi na tisa nimekuwa mwizi, leo asubuhi nimekuwa wifi?"

Aliyesema hivyo hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameinamia meza yake, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho la kulia, anabandua kwa ncha ya sindano gundi iliyopakwa na mtu mvivu kwenye kifuniko cha kijaluba cha ugoro. Mgeni wake alikuwa bado mlangoni, boksi la viatu mkononi, anahema kwa ngazi tatu tu kama aliyepanda mlima.

"Wifi, tusianzie huko."

"Tuanzie wapi? Wewe ndiwe uliyeanzia huko."

"Watu wanasikia."

"Na siku ile walisikia. Uliwaita mwenyewe."

Upande wa pili wa pazia, cherehani ya mshonaji ilinyamaza. Chumba cha mbele ni cha mshonaji, cha nyuma ni cha huyu mama, na pazia lililoko katikati halijawahi kuzuia neno hata moja. Cherehani ile hunyamaza kila penye maneno matamu, halafu mshonaji hudai kwamba uzi ulikatika.

Mtaani mama huyu anaitwa Bi Busu, na jina hilo halikutokana na mambo mnayoyafikiria. Kazi yake ni kutengeneza vitu vidogo vya kale: vijaluba, saa za mfukoni, vishikizo, na zaidi ya vyote wanyama wa jiwe waliochongwa na mafundi ambao hata wajukuu wao wameshakufa. Ukimletea mnyama wa jiwe, jambo la kwanza anamgusisha mdomoni, hapo chini ya pua, kisha anatulia. Jiwe la kweli lina baridi isiyokwisha upesi. Kioo huanza na baridi kikalegea. Plastiki haina hata aibu ya kujifanya. Kidole hudanganyika, husema yeye, kwa sababu kimezoea kushika kila kitu. Mdomo hushika vichache na huvikumbuka. Basi watoto wapitao dirishani wakamwona mama mzima anabusu chura wa kijani, na jina likaganda.

Alizaliwa kwenye nyumba ya dobi, akakulia kwenye mvuke na pasi. Alipofika miaka ishirini na moja akaolewa na kijana wa sonara, kijana mpole, karani wa ghala, asiye na mkono wa ufundi wala hamu ya kuutafuta. Baba mkwe alikuwa na duka la vitu vya kale, na ndani ya duka kabati la kioo, na ndani ya kabati mbwa kumi na wawili ambao hakuwa akimuuzia mtu. Palikuwa na mbwa mwekundu wa akiki aliyekaa kitako, macho yake punje mbili za yakuti. Palikuwa na mbwa mwembamba wa jiwe la kijani aliyejinyoosha kama anayeamka. Palikuwa na mweupe anayejikuna sikio kwa mguu wa nyuma, ukimtazama unajisikia kuwashwa. Na mmoja mdogo kama yai la kuku, wa jiwe la rangi ya jivu, amejikunja amelala, pua chini ya mkia, shingoni ukosi wa dhahabu mwembamba kama njiti ya kiberiti, umefunikwa enameli ya buluu. Huyo ndiye aliyekuwa kipenzi cha mzee. "Wengine wote wanaomba kitu," alikuwa akisema. "Huyu peke yake haombi."

Wiki ya pili ya ndoa mzee alimkuta mkwewe anafuta vumbi kwenye kabati. Alikuwa amemshika yule mweupe kwa vidole vitatu, chini ya kifua, si kwa kichwa kama wanavyoshika wote. Mzee akamwambia, "Mama, weka kitambaa, njoo hapa." Na hapo ndipo alipokaa kwa miaka kumi na minne.

Alimfundisha enameli, ambayo watu hudhani ni rangi, kumbe ni kioo. Kinasagwa kwenye kinu kidogo mpaka kiwe unga, kinaoshwa mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, kinapangwa juu ya dhahabu kwa ncha ya unyoya, halafu kinaingia motoni mpaka kiyeyuke na kung'aa kama ulimi. Ukikitoa mapema kina chunusi. Ukichelewa kimekimbia, anza upya.

Alimfundisha na lami. Sonara hawezi kugonga kitu kidogo kinachomrukaruka, kwa hiyo ana bakuli la chuma, zito, limejaa lami iliyochanganywa na unga wa tofali na mafuta. Analipasha moto, lami inalainika, anakizamisha kitu nusu. Ikipoa kimeshikwa kama jino kwenye ufizi. Na mzee alikuwa na mwiko wake: jiwe haliingii kwenye lami likiwa uchi, lisije likanywa weusi. Alichukua karatasi ya jana kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kuchana, akaliviringisha jiwe humo kwanza. "Siku imekwisha," alisema, "lakini karatasi yake bado ina kazi."

Mkwe alikaa kwenye kiti cha kazi. Binti wa kuzaa, ndiye huyo wifi, aliitwa kuleta chai. Hilo nalo nalisema, maana ukweli hauchagui upande.

Mzee alifia dukani asubuhi moja, ameegemea meza yake. Mkwe alikuwa ametoka; aliporudi akamkuta hivyo, akakimbilia daktari, ambaye alikuja kusema lililokuwa likionekana. Wifi akabaki kutayarisha nyumba. Siku ya tatu, duka limejaa watu waliokuja kutoa pole, mwalimu mkuu wa shule ya mtaa miongoni mwao, wifi alifungua kabati na kuhesabu. Kumi na mmoja. Akahesabu tena kwa sauti, ili wote wajue anahesabu nini.

"Ufunguo wa kabati ulikuwa na nani?" aliuliza, hali anajua.

"Na mimi," mkwe alijibu. "Na baba."

"Baba amekufa."

Mkoba ulimwagwa mezani: chanuo, leso, nusu ya penseli. Hakuna mbwa. Wifi akatoa wembe. Akapiga magoti mbele ya watu wote, akashika pindo la gauni la mke wa kaka yake, gauni jeusi lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, akalifumua uzi kwa uzi, kulizunguka lote, mpaka likaning'inia kama mdomo wa mlevi. Muuza magodoro wa jirani, ambaye hakosi la kusema, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na wawili watatu wakacheka kidogo, hapo hapo msibani.

Mbwa mkubwa kama yai la kuku, kwenye pindo la upana wa kidole. Hakuna aliyelisema hilo. Mumewe alitazama dari kama aliyeambiwa kuna popo, kisha akamnong'oneza, "Tutazungumza nyumbani." Hawakuzungumza.

Aliondoka saa ile ile bila patasi, bila kinu, bila bakuli la lami ambalo mzee alishamwambia litakuwa lake. Gauni alilikunja jinsi lilivyo, nyuzi zikining'inia, akaliweka chini ya sanduku. Kila mwaka, tarehe ile, analitoa, analianika, analirudisha, pindo juu. Kisasi chake hakikuwa cha kelele. Alikitunza kama makaa chini ya majivu, na alijua kuyapulizia. Mteja akimletea kitu alichonunua kwenye duka la wifi, alikigusa kwa mdomo, na kama si jiwe alikirudisha na kikaratasi chenye neno moja: Kioo. Vikaratasi vile vilirudi dukani mikononi mwa watu wenye hasira, mwaka baada ya mwaka. Wifi aliujua mwandiko.

Sasa wifi yuko mlangoni, na boksi la viatu.

"Nimepata mnunuzi," alisema. "Daktari wa meno, amestaafu, anakusanya mbwa. Anawataka wote. Duka nalifunga, wifi, miguu yangu imekwisha. Lakini ana picha, ile ya baba, kabati lote. Amehesabu. Anasema kumi na wawili au hachukui hata mmoja."

"Ana akili."

"Nimemwambia wa kumi na mbili yuko kwa fundi."

Bi Busu akatoa kioo jichoni. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama.

"Umemwambia nini?"

"Yuko kwa fundi." Wifi akashusha sauti. "Sikiliza. Kama unaye, mrudishe tu. Sitauliza alikuwa wapi. Yaishe."

Pazia lilitikisika kidogo. Mshonaji alikuwa amelisogelea mno.

"Umekuja kunisamehe," Bi Busu alisema polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Umepanda ngazi tatu na miguu yako imekwisha, kuja kunisamehe."

"Basi kama hunaye, chonga mwingine. Mkono unao. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na yeye daktari atajua akimgusa, maana mtu aliyechungulia midomo ya watu miaka arobaini hadanganyiki. Hilo boksi lina nini?"

Ndani ya boksi, kwenye pamba, alikuwamo yule mwekundu wa akiki. Alikuwa ameanguka. Jiwe lilikuwa zima, lakini ukosi wake ulipinda na enameli yake nyeupe ilikwanyuka upande wa koo. Bi Busu alimchukua kwa vidole vitatu, chini ya kifua. Hawakuwa wameonana miaka kumi na tisa, yeye na mbwa huyo.

"Huyu nitamtengeneza," alisema. "Bei ni ile ile ya mteja yeyote. Ila kwanza nataka bakuli la lami la baba. Liwe langu, kama alivyosema. Ukosi huu haunyooki bila hilo."

"Lile la mlangoni?"

"La mlangoni vipi?"

"Si ndilo linalozuia mlango usijifunge," wifi alisema. "Tangu zamani."

Bi Busu akarudisha kioo jichoni, ili uso wake uwe na pa kujificha. Fikiria. Bakuli lililonyoosha dhahabu ya watu wanaojulikana, limepigwa teke na kila aliyeingia kuuliza bei.

"Lilete," alisema.

Lililetwa kesho yake. Wifi alilibeba mwenyewe, limempaka vumbi kifuani, akalitua sakafuni mpaka kijaluba kikaruka mezani. "Haya, jiwe lako la mlango." Akashuka ngazi bila kuaga.

Bi Busu akalisugua kwa brashi. Uso wa lami ulikuwa umejaa alama za viatu, mchanga, na kizibo cha soda. Akalipasha juu ya jiko, moto mdogo, bila haraka, kwa sababu lami ikiharakishwa hutoa povu. Ilipoanza kung'aa alilowesha kidole gumba, maana kidole kikavu hung'ang'ania humo, akabonyeza katikati kupima ulaini.

Kidole kiligota.

Akabonyeza pembeni, laini. Akarudi katikati. Kitu kigumu, cha mviringo, kimezama kina cha ukucha wake tu kutoka juu. Akasukuma lami kidogo. Ikatokea ncha ya karatasi, nyeusi, na kando ya karatasi mstari mwembamba wa buluu usiozidi njiti ya kiberiti.

Mikono yake ikasimama. Cherehani ya mshonaji ilikuwa inakwenda, taa-taa-taa, dunia haina habari.

Aliyaelewa yote kwa mpigo, kama mtu anavyoelewa kwamba alikuwa amekalia miwani yake. Kifungo cha ukosi wa yule mdogo kilikuwa kimelegea tangu mwaka ule unaanza. Alikuwa amemwambia mzee, "Nipe nikifunge," na mzee akasema, "Acha, huyo nitamfanya mimi." Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka kwa miaka miwili na hakupenda itajwe. Kumbe alimngoja mkwe atoke. Akamvika karatasi, akamzamisha nusu, akachukua nyundo, na mauti yakamkuta hapo hapo. Kisha vyombo vyote vya kazi vikatolewa uani kupisha wageni, bakuli likakaa juani siku tatu. Lami ikilainika, jiwe huzama. Watu husema mbwa hafi maji akiona ufuko; huyu alikuwa na nchi kavu ya uani pande zote na bado akamezwa.

Alikuwa ameshanyoosha koleo kumtoa. Akasita. Akitolewa hapa, na yeye yuko peke yake, watasema nini? Watasema mwizi ametubu. Watampongeza hata.

Akazima jiko. Akasawazisha lami kwa kidole chenye maji, taratibu, akaacha ipoe. Yule mwekundu akamnyooshea ukosi siku iliyofuata kwenye bakuli lake dogo la udongo, kazi ya shida, huku akilaani.

Jumapili mchana, baada ya chakula, alimwambia mumewe. Mume huyo amestaafu ghala siku hizi, husoma gazeti moja siku mbili.

"Mpelekee," mume alisema.

"Kwa nini?"

"Ni wake."

"Bakuli ni langu. Amenipa mwenyewe, mshonaji shahidi. Kilichomo bakulini ni cha nani?"

"Mke wangu."

"Nimemlipia mbwa huyu miaka kumi na tisa. Nimemlipia sokoni watu wakishika mikoba yao nikipita. Nimemlipia kwenye harusi za ukoo nisizoitwa. Mtu aliyemaliza kulipa hapewi mzigo wake?"

Mume akatazama dari.

"Kuna popo tena?" aliuliza mkewe.

Gazeti likashuka. Mke alikuwa ameanza kukusanya sahani. "Siku ile nilikuwa na la kusema," mume alisema mwishowe. "Nilitaka kusema mbwa yule haenei kwenye pindo."

Mke alisimama na sahani mkononi. "Umechelewa," alisema. "Lakini nimekusikia." Akaenda kuosha vyombo, akaviosha kwa kishindo kuliko ilivyohitajika.

Alifikiri siku mbili zaidi. Angeweza kumficha na kumwacha wifi akose mnunuzi, afunge duka bila kitu, azeeke na mbwa kumi na mmoja wanaomtazama. Alilipenda wazo hilo. Alilala nalo kama mto. Shida yake ni moja: wifi angekufa akiamini kwamba alikuwa sahihi.

Jumanne akamtuma mshonaji na maneno haya: kazi imekwisha, nitaleta mwenyewe Jumamosi saa nne, mwite mnunuzi, na mwite mwalimu mkuu mstaafu na yule muuza magodoro, wote wawili wangali hai, nimeuliza.

Jumamosi saa nne alivuka kizingiti ambacho hakuwa amekivuka tangu pindo lake lifumuliwe. Mlango ulikuwa umezuiwa kwa kiti, na kiti hakitoshi. Mlango ulikuwa ukikisukuma kidogo kidogo kama mbuzi. Nyuma yake mshonaji, amebeba bakuli, jasho linamtoka na furaha pia. Yeye mwenyewe alikuwa na kifurushi cha gazeti kwapani.

Daktari wa meno alikuwa mzee nadhifu mwenye vidole vyeupe. Alimpokea yule mwekundu, akautazama ukosi, akasema, "Sioni palipovunjika."

"Ndiyo kazi," Bi Busu alijibu. "Wifi, niletee jiko."

"La nini?"

"Umemwambia daktari wa kumi na mbili yuko kwa fundi. Nimemleta."

Jiko likaletwa. Bakuli likapanda juu yake. Mwalimu mkuu akavuta kiti, muuza magodoro akasimama karibu na mlango, mahali pazuri pa kukimbilia. Walingoja lami ing'ae. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kutamu. Bi Busu alikuwa amekunja mikono, akitazama kabati, akiwahesabu kwa macho. Kumi, na mwekundu kumi na mmoja.

"Lowesha vidole," alimwambia wifi.

"Mimi?"

"Wewe si ndiye mpekuzi? Pekua."

Wifi alilowesha. Alibonyeza, akashtuka, akabonyeza tena. Kisha akaingiza vidole viwili na gumba, na kutoka kwenye lami akavuta kitu cheusi kilichojikunja, kinachotoa nyuzi za lami kama utando. Pembeni mwa weusi, mstari wa buluu.

Kiti kilikwaruza sakafu. Mlango ulikuwa umekisukuma tena.

Wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na alisema kile kilichotarajiwa. "Umemtia wewe. Bakuli limekaa kwako siku kumi."

"Nilijua utasema hivyo. Mvue nguo."

"Nini?"

"Baba alizamisha jiwe uchi lini? Mvue karatasi yake. Umpe mwalimu asome, mimi nisiiguse."

Karatasi ilitoka kwa vipande, imeloa lami upande mmoja, lakini upande uliokumbatia jiwe ulikuwa bado na tarakimu kubwa. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaisogeza dirishani. Alisoma siku, mwezi na mwaka kwa sauti yake ya darasani. Ilikuwa jana ya siku aliyokufa sonara, karatasi iliyochanwa asubuhi ile ile ya kifo. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, "Asubuhi ile mkwe alikuja kwangu mbio, mimi nikampeleka kwa daktari kwa baiskeli. Siku ya tatu nilikuwepo. Ningeweza kukumbuka hilo mapema."

"Ungeweza," Bi Busu alisema. Akageukia mlangoni. "Na wewe mzee wa magodoro, ile methali yako unayo bado?"

"Nimeisahau, mama," muuza magodoro alisema, akitazama viatu vyake.

Wifi alikuwa bado amemshika mbwa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kifundo. "Mimi ndiye niliyelipeleka bakuli uani," alisema, si kwa mtu yeyote. "Nililiona lina karatasi. Nikadhani takataka."

Daktari wa meno, kwa adabu ya mtu anayetaka mali yake, akakohoa. "Ni jiwe lenyewe, lakini? Si kopi?"

Bi Busu akachukua kitambaa chenye spiriti, akasafisha mgongo wa mbwa pale pale mikononi mwa wifi, mpaka rangi yake ya jivu ikaonekana. Hakumchukua. "Wifi, mguse kwa mdomo."

"Sifanyi hivyo."

"Miaka yote umewachekesha wateja kwamba mke wa kaka yako anabusu mbwa. Hakuna mwingine humu wa kumthibitisha. Mimi ni mwizi, neno langu halina uzito."

Wifi akamwinua mbwa. Akamgusisha chini ya pua, akafumba macho. Na hapo alifanana na baba yake, jambo ambalo Bi Busu hakulitarajia na hakulipenda.

"Baridi?"

"Baridi."

"Daktari hakusikia."

"Ni baridi," wifi alisema kwa sauti ya kujaza chumba. "Ni yeye. Hakuibwa."

Mbwa akawekwa kwenye rafu, mahali pake, patupu pa miaka kumi na tisa, na daktari akaanza kuwapanga kufuata picha. Wifi akafuta mikono kwa spiriti, kidole kimoja kimoja. "Haya. Umenivua nguo mbele ya watu. Unataka nini zaidi?"

"Wewe ndiye uliyenivua, mimi nimekuja kuvikwa."

Akafungua kifurushi. Gauni jeusi lilikuwa limefifia kwenye mikunjo, pindo limeanguka pande zote, nyuzi zile zile zinaning'inia kila mahali wembe ulipopita. Wifi alilitambua kabla halijafunguka lote. Mshonaji, ambaye hakuambiwa alete kitu, akatoa sindano kwenye ukosi wa shati lake, na kidonge cha uzi mweusi mfukoni. Kumbe amekuja amejiandaa.

"Wembe ulikuwa wako," Bi Busu alisema. "Dawa ya deni kulipa. Hapo hapo, mbele ya hao hao."

Wifi akavuta kiti kilichozuia mlango, akakaa. Mlango ukajifunga nyuma yake. Akaweka gauni magotini, akaanza. Mishono yake ya kwanza ilikuwa mirefu, ya hasira. Bi Busu alipitisha ukucha juu yake. "Hii italegea. Fumua." Akafumua. Akashona tena, mifupi. Mwalimu mkuu alitaka kuondoka, akaambiwa akae, naye akakaa. Pindo la gauni ni refu kuliko unavyodhani, mpaka ulizunguke kwa sindano.

"Siku moja nilimwomba baba anishikishe nyundo," wifi alisema, ameinamia kitambaa. "Akaniambia niangalie maji yasimwagike kwenye jiko."

"Najua. Nilikuwepo."

"Hukusema kitu."

"Sikusema."

Sindano iliendelea. Ilikuwa imebaki shibiri moja na nusu uzi ulipokwisha. Wifi alikata mwingine, akailamba ncha yake, akaulekeza kwenye tundu la sindano, ukapita kando. Akajaribu tena, ukapita kando. Mara ya tatu mkono ulikuwa unatetemeka, mtetemeko ule ule wa mzee, na chumba kizima kilikuwa kinatazama mahali pengine isipokuwa mtu mmoja.

Bi Busu aliutazama mkono ule. Akangoja mara ya nne, maana hakuwa na sababu ya kuharakisha. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua sindano, akapenyeza uzi kwa mara moja, akafunga fundo, akamrudishia.

"Malizia," alisema.

Wifi akamalizia. Akakata uzi kwa meno.